Kumfuata mume Marekani ukiwa na miaka 65: bima ya afya inapitia mlango upi?

Kila mzee anapokaribia kusafiri kwenda Marekani kuungana na mwenza wake, sentensi moja huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia: "Atakaa miaka mitano bila Medicare." Haipiti siku mbili, mwingine anajibu: "Acheni kumtisha mama. Akishapata grini kadi na ana miaka 65, serikali inamtibu bure." Kila upande una binamu aliyeko huko wa kuutolea ushahidi, na mwenye safari yake anabaki hajui ashike lipi.

Sentensi ya kwanza ni kweli kwa baadhi ya watu. Ya pili si kweli kwa mtu yeyote. Kinachoamua uko kundi gani ni swali ambalo kwenye makundi hayo halimo kabisa: huyo mume unayemfuata amefanya kazi Marekani miaka mingapi, na ana umri gani?

Kabla hatujalijibu tuelewane maneno, maana nusu ya vurugu hii inatokana na majina yanayofanana.

Medicare ni bima ya serikali kuu kwa watu wa miaka 65 na zaidi, pamoja na baadhi ya wenye ulemavu. Rais Lyndon B. Johnson aliitia saini mwaka 1965. Haikuulizi una fedha kiasi gani. Inakuuliza umri, hadhi yako ya ukaazi na historia ya kazi. Medicaid ni kitu kingine: ni msaada wa matibabu kwa wenye kipato kidogo, unaogharamiwa na serikali kuu na majimbo, na kila jimbo lina taratibu zake. Huo ndio unaouliza mfuko wako una nini. Medicare ni ya uzee, Medicaid ni ya uhitaji. Ukimsikia mtu anasema "wahamiaji hawapewi Medicare siku hizi", huenda alisoma habari ya Medicaid akakosea herufi mbili tatu.

Kisha kuna maneno ya bili. Ada ni hela unayolipa kila mwezi, uugue usiugue. Kianzio ni kiasi unachotoa mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza kulipa. Mgawo ni sehemu ya bili inayobaki kwako hata baada ya bima kuanza kulipa. Ukitaka picha, fikiria mwavuli wa kukodi: ada ndiyo kodi ya mwavuli, kianzio ni matone yanayokulowesha kabla hujaufungua, na mgawo ni yale yanayopenya pembeni mvua ikizidi.

Medicare yenyewe imekatwa vipande. Sehemu A inashughulika na kulazwa hospitali. Sehemu B ni daktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi nyumbani. Sehemu D ni dawa za kununua kwa cheti cha daktari. Sehemu C ni kifurushi cha kampuni binafsi kinachokusanya A na B, mara nyingi na D ndani yake. Kwa mgeni, vita yote iko kwenye A. Ukiipata A bila ada, B inafunguka nayo.

Sasa turudi kwa mume.

Mshahara wa Marekani unakatwa kodi ya Medicare, asilimia 1.45 kwa mfanyakazi na kiasi hichohicho kwa mwajiri. Kadiri mtu anavyofanya kazi na kukatwa, anahesabiwa alama. Mwaka 2025 kila dola 1,810 za kipato zilimpa mtu alama moja, na huwezi kupata zaidi ya nne kwa mwaka. Ukifikisha alama 40, yaani kama miaka kumi ya kazi, umeshalipia Sehemu A ya uzeeni na hutatozwa ada yake. Ni kama kadi ya visanduku 40 inayogongwa muhuri mmoja mmoja. Ikijaa, mlango unafunguka.

Bibi wa miaka 67 aliyeshuka ndege jana hana hata muhuri mmoja. Hapo ndipo watu wengi wanapofunga mjadala na kutamka miaka mitano. Lakini sheria inamruhusu kutumia kadi ya mwenza wake. Masharti ni haya: yeye mwenyewe awe ametimiza miaka 65, awe mkaazi wa kudumu wa Marekani (yaani mwenye grini kadi), mwenza wake awe amefikisha angalau miaka 62 na ana alama zake 40, na ndoa yao iwe imetimiza mwaka mmoja kabla ya kuomba. Mwenza si lazima awe amestaafu. Si lazima awe ameanza kuchukua pensheni ya Social Security, shirika la serikali la hifadhi ya jamii. Anaweza kuwa bado anaamka alfajiri kwenda kazini.

Soma tena sharti la ndoa, maana ndilo linalowachanganya hata wale wanaosaidia watu kujaza fomu. Unahesabiwa mwaka mmoja wa ndoa. Haiulizwi mmekaa Marekani pamoja muda gani. Mliofunga ndoa miaka thelathini iliyopita, mume akatangulia kutafuta maisha, mke akabaki kulea, mwaka huo mlishaupita zamani.

Na miaka mitano je? Miaka mitano ipo, imeandikwa kwenye sheria, lakini ni ya mtu asiye na kadi ya mihuri ya kutumia, si yake wala ya mwenza. Huyo ndiye anayetakiwa kuwa mkaazi wa kudumu aliyeishi Marekani mfululizo kwa miaka mitano kabla ya kuruhusiwa kununua Medicare. Anayepata Sehemu A bila ada kupitia mwenza hapiti mlango huo, na kwa kuwa ana A, anaruhusiwa kujiandikisha B pia bila kungoja miaka hiyo.

Hebu tuweke watu mezani. Mzee ana miaka 70, ameendesha basi la shule kwa miaka 18, kadi yake ilijaa zamani. Mkewe ana 67, ana kisukari na presha, na ameingia mwezi Machi kwa viza ya mwenza wa raia. Ndoa yao ni ya kale. Huyu mama anastahili kuomba Medicare mara tu ukaazi wake unapoanza. Hatalipa ada ya A. Atalipa ada ya B, ambayo kiwango chake cha kawaida kilikuwa dola 185 kwa mwezi mwaka 2025 na kimefika 202.90 mwaka 2026. Si bure, kwa hiyo yule binamu wa pili alikosea. Wala si miaka mitano, kwa hiyo na wa kwanza alikosea.

Badilisha kitu kimoja tu: mume awe na miaka 58. Alama 40 anazo, lakini hajafika 62, na kadi yake haiwezi kutumiwa na mke bado. Mama huyu wa 67 atangoja kinachotangulia: ama mumewe afikishe 62 baada ya miaka minne, ama yeye mwenyewe atimize miaka mitano ya ukaazi. Hapa miaka minne inatangulia. Nimekutana na familia iliyokuwa imeandika kwenye kalenda tarehe ya miaka mitano, bila kujua kwamba siku ya kuzaliwa ya baba ingewafungulia mlango mapema zaidi.

Badilisha tena: mume ana miaka 70 lakini alikuja Marekani akiwa na 64, akafanya kazi miaka minne tu. Hana 40. Sasa miaka mitano ni ya kweli, na hata ikipita, mke atalazimika kuinunua Sehemu A. Mwaka 2026 ada yake ni dola 565 kwa mwezi kwa mwenye alama chini ya 30, na dola 311 kwa mwenye 30 hadi 39. Anayeinunua A lazima awe na B pia, kwa hiyo kwa mama asiye na muhuri wowote mzigo mzima ni dola 767.90 kila mwezi, kabla hajanunua kidonge. Wengi wakiona hesabu hiyo wanakaa kimya kwanza.

Mama huyo hana haja ya kukata tamaa, na wala hana haja ya kukaa miaka mitano bila chochote. Ana milango mingine miwili.

Wa kwanza ni bima ya kazini kwa mwenza, kama mwenza bado anafanya kazi na mwajiri wake anawakubali wanandoa. Hii ndiyo ningeiulizia kabla ya zote, hata kabla tiketi haijakatwa. Kampuni kwa kawaida hufungua dirisha la kuandikisha watu mara moja kwa mwaka, lakini sheria inalazimisha dirisha dogo la siku 30 likitokea badiliko fulani, kama ndoa mpya au mtu kupoteza bima aliyokuwa nayo. Ndoa ya zamani si badiliko. Kwa hiyo kama mama alikuwa na bima alikotoka na imekatika kwa sababu ya kuhama, aombe barua inayosema bima hiyo iliisha tarehe fulani, na mwenza aende nayo ofisi ya rasilimali watu ndani ya siku hizo 30. Barua ya namna hiyo ni ngumu sana kuipata ukiwa umeshavuka bahari na aliyekuwa anashughulikia faili lako ameenda likizo.

Kuna kona moja hapa. Kama mwajiri ana wafanyakazi chini ya 20, na mama anastahili Medicare, bima ya kazini inaruhusiwa kukaa nyuma: inataka Medicare ilipe kwanza. Asiyejiandikisha Medicare anaweza kugundua kwamba bima ya kazini inalipa kidogo sana. Kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, bima ya kazini inalipa kwanza, na mama anaweza kuichelewesha B bila adhabu mpaka kazi ile itakapokoma.

Mlango wa pili ni soko la bima, lile lililoanzishwa na sheria ya afya aliyoitia saini Rais Barack Obama mwaka 2010, ambalo watu wengi wanalijua kwa tovuti ya HealthCare.gov, ingawa baadhi ya majimbo yana tovuti zao. Kampuni zinazouza bima hapo haziruhusiwi kukukataa au kukutoza zaidi kwa sababu una kisukari, presha, au ulishafanyiwa upasuaji wa moyo. Zinaruhusiwa kutoza zaidi kwa umri, lakini kwa kikomo: mtu mzima mwenye umri mkubwa hatozwi zaidi ya mara tatu ya anachotozwa kijana.

"Lakini si umeshapita 65? Soko ni la vijana." Hapana. Mtu wa miaka 67 asiye na Medicare anaweza kununua sokoni. Kinachokatazwa ni kumuuzia bima hiyo mtu ambaye tayari anayo Medicare. Na dirisha lake halisubiri Novemba, mwezi ambao dirisha la kila mwaka hufunguka: aliyepata hadhi ya ukaazi na kuhamia Marekani anapewa siku 60 za kujiandikisha. Siku hizo zinakimbia. Wiki ya kwanza ni usingizi wa mchana kwa sababu saa zimegeuka, ya pili ni kutembelewa, ya tatu ni kusubiri kadi ya Social Security kwa posta, na ghafla mwezi umekwisha.

Bei ya sokoni bila ruzuku kwa mtu wa umri huo ni ya kutisha, kwa hiyo ruzuku ndiyo habari yenyewe. Inatolewa kama punguzo la kodi linalolipwa moja kwa moja kwa kampuni ya bima kila mwezi, na inapimwa kwa kipato cha nyumba nzima. Kipato cha mume kinahesabiwa, na pensheni yake ya Social Security inahesabiwa yote, hata sehemu isiyotozwa kodi. Wanandoa wanatakiwa kujaza ripoti ya kodi kwa pamoja. Mkijaza kila mtu kivyake, isipokuwa katika hali chache za pekee, ruzuku inapotea.

Mwaka 2026 sheria za ruzuku zimebana. Nyongeza iliyokuwepo tangu 2021 ilikoma mwisho wa 2025, na ukomo wa juu umerudi: ni mara nne ya mstari wa umaskini, ambao kwa nyumba ya watu wawili unafika dola 84,600 kwa mwaka. Ukizidi kwa dola moja, ruzuku inaanguka yote. Upande wa chini nako kumefungwa. Zamani mkaazi mpya ambaye bado hajaruhusiwa Medicaid alipata ruzuku hata kama kipato chake kilikuwa chini ya mstari wa umaskini. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliondoa hilo kuanzia 2026. Maana yake ni kwamba wanandoa wawili wenye kipato chini ya dola 21,150, mmoja wao akiwa mkaazi mpya, wamekuwa maskini kupita kiasi cha kusaidiwa. Sijapata namna ya kulieleza hili kwa mzee akaona lina mantiki, na sidhani kosa ni la Kiswahili changu.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hasa wale wenye bahati ya kadi iliyojaa. Ukistahili Sehemu A bila ada, hustahili ruzuku ya sokoni, hata kama hujajiandikisha Medicare. Yule mama wa miaka 67 mwenye mume wa 70, akidanganywa kwamba lazima angoje miaka mitano, ataingia sokoni, atapewa ruzuku kwa kuwa kompyuta haikuuliza vizuri, na siku ya kodi ataambiwa arudishe. Wakati huohuo adhabu ya kuchelewa B inamhesabia pembeni.

Adhabu hiyo nayo ieleweke, kwa sababu haiishi. Dirisha la kwanza la Medicare ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi unaostahili, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Aliyezaliwa na kukulia Marekani anaipata yote saba. Aliyewasili akiwa tayari na 67 na kustahili siku hiyohiyo, ile mitatu ya mwanzo ilishapita akiwa bado kwao, kwa hiyo kiutendaji ana mwezi wa kufika na mitatu inayofuata. Akikosa, atangoja dirisha la jumla la Januari mosi hadi Machi 31. Kila miezi 12 kamili ya kuchelewa inaongeza asilimia 10 kwenye ada ya B. Aliyechelewa miaka mitatu, kwa ada ya 2026, anaongezewa dola 60 na senti kadhaa kila mwezi, na nyongeza hiyo inafuatana naye maisha yote ya kuwa na B. Bima ya kazini ya mwenza anayefanya kazi inakukinga na adhabu hii. Bima ya sokoni haikukingi. Kwa yule asiye na mihuri, siku miaka mitano inapotimia saa ya adhabu inaanza kugonga hata kama ameridhika na bima yake ya sokoni, kwa hiyo lazima apige hesabu ya kubaki au kuhama kabla ya siku hiyo.

Vipi wiki za mwanzo, kabla mlango wowote haujafunguka? Watu wengi hununua bima ya wasafiri. Si kosa, kwa mguu uliovunjika au homa ya ghafla inaweza kufaa. Lakini soma kipengele cha magonjwa uliyokuwa nayo kabla. Bima nyingi za aina hii hazilipi chochote kinachotokana na ugonjwa wa zamani, na nyingi hupunguza kiwango cha juu cha malipo kadiri umri unavyopanda. Mama mwenye presha akipata kiharusi, kampuni itauliza presha ilianza lini. Kwa mzee, basi, bima ya wasafiri ni ya kuziba pengo la wiki chache tu. Kinachosaidia zaidi kipindi hicho ni mambo ya kawaida kabisa: dawa za miezi miwili mitatu kwenye vifungashio vyake halisi, barua ya daktari yenye majina ya kitaalamu ya dawa badala ya majina ya kampuni, na matokeo ya vipimo vya karibuni. Vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu vipo katika kila jimbo, na vinatoza kwa kuangalia kipato. Kumwona daktari hapo kwa cheti kipya cha dawa hakuhitaji bima.

Chumba cha dharura nacho kina hadithi zake. "Huko hawawezi kukufukuza, nenda tu." Sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye huduma ya dharura zinazopokea fedha za Medicare kumpima kila anayefika na kumtuliza aliye hatarini, bila kuuliza kwanza atalipaje. Haikusema bili haitakuja. Inakuja, kwa posta, wakati mwingine bahasha nne kutoka ofisi nne kwa usiku mmoja. Hospitali zisizo za faida zinalazimika kuwa na utaratibu wa msaada wa kifedha. Bili ikifika, omba fomu ya msaada huo kabla ya kukubali mpango wa kulipa kidogo kidogo.

Na Medicaid? Kwa mwenye grini kadi, sheria ya mwaka 1996 kwa jumla inataka angoje miaka mitano kabla ya kuingia, na hii ndiyo miaka mitano ambayo wengi wameisikia kisha wakaibandika kwenye Medicare pia. Baadhi ya majimbo hutumia fedha zao kuwahudumia watu kabla ya muda huo, kwa hiyo jibu la mtu wa jimbo moja halifai kwa wa jimbo la jirani. Hata baada ya miaka mitano, kipato cha mdhamini aliyesaini fomu ya udhamini ya I-864 kinaweza kuhesabiwa kama cha mama.

Fomu hiyo yenyewe imezaa imani ya ajabu. Kuna wanaoamini kwamba mdhamini akishasaini, basi yeye ndiye bima: hospitali itamtumia bili. Si hivyo. I-864 ni ahadi kwa serikali kwamba mdhamini atamtunza mgeni asianguke chini ya kiwango fulani cha kipato, na ofisi iliyotoa msaada wa wenye uhitaji inaweza kumdai. Haifungui mlango wa hospitali. Medicare haimo kwenye msaada wa wenye uhitaji, kwa hiyo mama akiipata kwa kadi ya mumewe, mdhamini hadaiwi kwa sababu yake.

Siku kadi ya Medicare inapofika kwa posta, ya karatasi, yenye mistari myekundu na ya bluu, kuna kawaida ya kudhani safari imeisha. Soma inachobeba. Kulazwa kuna kianzio cha dola 1,736 mwaka 2026. B ina kianzio cha dola 283 kwa mwaka, na baada ya hapo mgawo wako ni asilimia 20 bila ukomo: matibabu ya dola 10,000 yanakuachia 2,000 hivi. Miwani ya kawaida, meno, vifaa vya kusikia na matunzo ya muda mrefu ya nyumba ya wazee, Medicare ya msingi hailipi. Ndiyo maana watu huongeza bima ya kujazia au huchagua Sehemu C yenye ukomo wa malipo. Kwa bima ya kujazia kuna miezi sita ya dhahabu kuanzia B yako inapoanza: ndani yake kampuni haiwezi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa. Ikipita, katika majimbo mengi inaweza. Na Medicare, isipokuwa kwa mambo machache sana, inaishia mpakani. Mama akirudi kusalimia wajukuu kwa miezi mitatu, huko atatumia mfuko wake au bima nyingine. Anayehesabu miaka mitano aangalie zaidi: safari fupi hazivunji hesabu, lakini kukaa nje muda mrefu kunaweza kuifanya ianze upya.

Wapo wanaouliza kwa nini dada yao aliyemfuata mume Uingereza hakupitia haya yote. Kule mwombaji wa viza ya mwenza hulipa ada ya afya, sasa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, pamoja na maombi yenyewe, kisha anaingia kwenye NHS, huduma ya afya ya taifa, kama jirani yake. Analipa mwanzoni, na kwa mkupuo. Ukisikia ushauri wa bima kutoka kwa ndugu wa nchi nyingine, mshukuru, uuache hapo.

Maombi ya Medicare hupokelewa na Social Security, kwa simu, mtandaoni au ofisini. Kwa anayetumia kadi ya mwenza, mimi ningeenda ofisini, na mwenza akiwepo. Bahasha iwe na pasipoti yenye muhuri wa kuingia au grini kadi yenyewe, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza kama kimeandikwa kwa lugha nyingine, na namba za Social Security za wote wawili. Tamka wazi tangu sentensi ya kwanza kwamba unaomba Sehemu A kwa rekodi ya kazi ya mume wako, na B. Usiposema hivyo, wa dirishani ataangalia tarehe ya kuingia nchini, ataona mwaka huu, na atatoa jibu la mtu asiye na mihuri. Kabla ya kwenda, kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare, mpango unaoitwa SHIP, ambao hawauzi bima ya mtu yeyote, na unaweza kuomba mkalimani.

Kama pamoja na hayo yote umeambiwa "rudi baada ya miaka mitano", usiondoke na maneno ya mdomo. Omba uamuzi huo kwa maandishi. Ukishapokea barua una siku 60 za kuukatia rufaa.